Msumeno Uliotia Nanga Chole

Siku ya kuniaga kazini, walimu wenzangu, mlinipa saa ya ukutani na kipaza sauti, mkaniomba niseme machache. Nikaziangalia sufuria za pilau zilizokuwa zinapoa pembeni, nikasema asanteni, nikakaa. Sikuona mtu aliyelalamika. Lakini wakati wa kunawa mikono wawili wenu mlinifuata mkaniuliza kama ile habari ya meli na msumeno ni ya kweli au niliitunga ili wanafunzi wasisinzie. Ni ya kweli. Sasa niko nyumbani Misugusugu, sina kengele wala zamu, na malori ya barabara ya Morogoro hayaniachi nilale mchana, basi naona heri niandike.

Ya vyeo na madaraja sitayagusa. Mkitaka kujua nilipanda lini, muulizeni afisa utumishi, na akikumbuka mnieleze na mimi.

Kazi nilianzia Kibaha, shule ya bweni ya wavulana, nikitokea kwetu Tabora kwa kupitia chuo. Siku ya kwanza niliingia kidato cha tano na andalio la somo nililoliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa barua ya posa. Nikalisoma lote kwa pumzi moja. Nilipoinua macho kipindi kilikuwa hakijafika hata nusu, na darasa zima linanitazama. Nikawaambia wanakili. Mmoja akauliza kwa adabu kabisa wanakili nini, maana ubao ulikuwa mtupu. Nikajidai natafuta chaki, nikatoka nje, na huko nikamkuta mkuu wangu wa idara amesimama dirishani, amesikia yote.

Huyo ndiye Mwalimu Komba, Mngoni wa Songea, mwembamba, ambaye mashati yake yote yalikuwa na mfuko mweupe kwa sababu ya kutembea na chaki. Nilidhani atanipa pole. Aliniambia, "Mwalimu Kabula, wewe unawapa majibu watu ambao hujawauliza kitu." Kisha akanikaribisha kwenye kipindi chake cha kesho yake nikae nyuma na nisijifanye nasahihisha madaftari.

Kesho yake alikuwa amefika kwenye habari ya pamba. Mnajua vitabu vinavyosema: Marekani, karne ya kumi na tisa, vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, pamba ikaadimika viwandani Ulaya, mstari mmoja, endelea. Komba hakuendelea. Alisogeza madawati ukutani, akapiga magoti, akachora bandari sakafuni: gati, mlango wa kuingilia, mnara wa taa. Akawaamuru wavulana wavue kandambili. Kila kandambili ikawa meli. Mmoja akawa gavana wa bandari, na nchi yake haimo vitani, haina upande. Mwingine akawa nahodha, ameingia bandarini anasema meli yake ni ya biashara, inavuja, anaomba fundi na makaa ya mawe. Wa tatu akawa balozi mdogo wa Kaskazini, anakuja mbio kwa gavana kulalamika kwamba ile si meli ya biashara, ni manowari ya Kusini iliyojibadili sura, na ikitoka hapo itakwenda kuchoma meli zao baharini.

Basi gavana aamue. Akiipokea, Kaskazini watasema amejiunga na maadui zao. Akiifukuza, Kusini watasema vilevile. Na meli yenyewe haikuja na kibao cha kujitambulisha. Gavana inabidi aikague: mabaharia mbona wengi kuliko mizigo? Jina mbona rangi yake mbichi? Haya matundu ya ubavuni yaliyozibwa kwa mbao, yalikuwa ya nini? Komba aliwapa kanuni zilizotumika enzi hizo. Meli ya vita itengenezwe kinachovuja tu, isiongezewe nguvu ya kupigana. Ipewe makaa ya kuifikisha bandari ya kwao iliyo karibu, basi. Na wakikutana mahasimu wawili bandarini, mmoja akiondoka mwenzake asubiri siku nzima, wasije wakamalizana hapo hapo mlangoni. Gavana alitakiwa atoe uamuzi kabla ya kengele, na Komba hakukubali mtu aseme suala hili ni gumu.

Wavulana wale walibishana mpaka wakakosa chai. Mimi kule nyuma nilitamani nipewe na mimi kandambili.

Nikaliiba somo lile, kwa idhini yake, na nimelifundisha miaka yote. Dokezo la kazi kwenu: chaki mkiichovya kwenye maji ya sukari na kuikausha, mchoro wa sakafuni haufutiki haraka kwa nyayo. Hasara yake ni kwamba sisimizi nao watakuja kusoma Historia. Jingine: mwanafunzi msumbufu mpe ugavana, mpole mpe ubalozi mdogo, mtashangaa. Aliwahi kuja mkaguzi akaniuliza somo hilo liko ukurasa gani wa muhtasari. Nikamwambia balozi mdogo wetu anaumwa, kama hatajali atusaidie. Alikaa kipindi kizima, akashindwa kesi, akaondoka akiwa bado anabishana na gavana korido nzima. Taarifa yake ilisema wanafunzi wana ari.

Baada ya miaka mingi ya Kibaha nikapelekwa Kisarawe, kuongoza shule ya kata huko Chole. Nilifika kwa pikipiki, vumbi limenifunika mpaka kope. Aliyenipokea ni mjumbe wa bodi ya shule, Mzee Pazi, mwenyeji wa hapo hapo, mwenye shamba na duka dogo. Akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia mimi Mnyamwezi alipiga makofi kwa furaha, akaita watu wa nyumbani kwake waje kumwona mpagazi aliyepotea njia, maana babu zangu walipita huku na mizigo kichwani kwenda pwani. Nikamjibu kwamba babu zangu walisimulia kuhusu Wazaramo, kwamba walipopita kwenda walikuta ngoma inapigwa, na waliporudi ilikuwa bado inapigwa, mashamba yakiwangojea. Tangu hapo ikawa hatusalimiani bila kutukanana. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huko Chole si mchezo wa kuigiza.

Mambo mengine pale hayakuwa ya kuchekesha. Baba yake Mzee Pazi, marehemu Mzee Kondo, alikuwa ameacha shamba la mikorosho na watoto wawili wa mama tofauti. Pazi ni wa mke mkubwa. Bi Tatu ni wa mke mdogo, na huyo mama ndiye aliyeipanda mikorosho ile kwa mikono yake. Pazi alisema mikorosho imezeeka, haizai, ikatwe wapande mananasi. Bi Tatu alisema hakuna atakayegusa jasho la mama yake yeye akiwa hai. Baraza la kata liliwasikiliza, likaahirisha, likaahirisha tena. Wakati huo kijiji kikagawanyika. Wa kwa Pazi hawakwenda kwenye harusi za kwa Bi Tatu, na darasani watoto wa pande mbili waliacha nafasi katikati ya madawati kama mfereji. Mnaona sasa kwa nini nilichora bandari sakafuni hata kabla sijafungua masanduku yangu. Watoto waliipenda. Wakaenda kuisimulia majumbani.

Siku moja Mzee Pazi akaleta msumeno wa mnyororo shuleni. Mwalimu wetu wa Fizikia, Mwalimu Mushi, alikuwa hodari wa injini. Alitengeneza pikipiki za nusu ya kata kwenye stoo ya shule, na mimi nilimwachia kwa kuwa waliotengenezewa walitusombea mchanga bure. Msumeno ulikuwa umekatika kamba ya kuwashia, na Pazi aliomba pia unolewe meno na ujazwe mafuta. Kabla Mushi hajafungua hata skrubu moja, Bi Tatu akawa yuko mlangoni pa ofisi yangu, kanga mbili, mkoba kwapani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, lakini kiti alikikataa.

"Mwalimu, mimi hizo meli zenu sikuzisoma, ila mjukuu wangu kanieleza," akasema. "Nimekuja kukushtakia. Kwenye stoo yako kuna chombo cha vita kinatengenezwa."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Alikuwa amesema kweli tupu. Msumeno ule ukitoka kwetu mzima, mikorosho ya mama yake ingeanguka, na ingeanguka kwa mkono wa shule. Nikiukataa, upande wa Pazi ungesema shule imekuwa ya Bi Tatu, na nusu ya watoto wangebaki nyumbani. Nilifundisha jambo hili miaka yote hiyo nikidhani ni la watu wengine.

Nikafanya nilichokijua. Nikaitisha kidato cha tatu, nikawakaribisha wazee wote wawili, msumeno ukawekwa juu ya meza ya mwalimu. Gavana alikuwa Hadija, binti wa muuguzi wa zahanati, mgeni wa pale asiyekuwa wa huku wala kule. Mzee Pazi alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamegusa kidevu, akaeleza kwamba msumeno ni chombo cha amani, anataka kupasulia mbao za paa la jiko. Hadija akaukagua msumeno kila upande. Akakuta mnyororo mpya bado uko kwenye karatasi yake, na dumu la mafuta ambalo lingetosha kulimaliza pori. Akamuuliza mzee hilo jiko liko wapi. Mzee akasema litajengwa. Darasa likacheka, kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili, na Pazi mwenyewe akatabasamu.

Uamuzi ulitoka kabla ya kengele, Komba angefurahi. Kamba ya kuwashia ifungwe, maana huko ndiko kuvuja. Meno yasinolewe, maana huko ni kuongeza nguvu ya kupigana. Kwenye mafuta walikwama kidogo, kwa sababu kanuni inasema ya kufikia nyumbani, mpaka mtoto mmoja akakumbusha kwamba msumeno hautembei, unabebwa. Basi mafuta hakuna. Mzee Pazi alishukuru kwa heshima zote, akauchukua msumeno wake butu, akaaga. Bi Tatu alibaki.

"Mmemrudishia," akasema.

Nikamweleza kwamba asiye na upande hana haki ya kunyang'anya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sheria hiyo iliandikwa na watu wenye meli," akaniambia. "Watu wenye miti hawakuulizwa."

Maneno hayo yaliniuma. Na kulikuwa na jambo jingine nililolijua fika. Katika vita vile vya Marekani kuna meli iliyoundwa kwenye nchi isiyo na upande, ikatoka bandarini bila mzinga hata mmoja, wageni na wanawake wamealikwa kupunga upepo, ikaonekana ni matembezi tu. Mizinga iliifuata ikapakiwa mbali, kwenye kisiwa. Nchi iliyoiachia ilikuja kulipishwa fidia. Nimelifundisha hilo mara ngapi! Mzee Pazi naye hakwenda nyumbani. Alipitiliza Maneromango, huko msumeno ukanolewa meno na kujazwa tangi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye masomo ya ziada tukausikia unaunguruma. Watoto wote wakanigeukia mimi, siyo dirisha. Nikatoka. Nilipofika shambani Bi Tatu alikuwa ameukumbatia mkorosho wa kwanza kwa mikono miwili, uso ameuegemeza kwenye gome. Vijana wake walisimama nyuma yake na mapanga. Vijana wa Pazi walisimama nyuma ya Pazi, nao na mapanga. Mkorosho ulikuwa umeshapata jeraha moja, unatoa unga. Nikaogopa sana, nawaambia ukweli. Niliona damu kabla haijamwagika.

Kanuni za bandari zilikuwa zimeisha. Nilibakiwa na kabila langu. Wasiokulia huku wajue kwamba kwenye msiba wa Mzaramo mtani ana ruhusa ya kila kitu. Ataiga sauti ya marehemu, atavaa kofia yake, ataingia kaburini kabla ya maiti na hatoki mpaka apewe chake. Anaweza kutwaa mali ya wafiwa, na atairudisha wakiikomboa kwa masharti yake. Na mfiwa hakasiriki. Akikasirika, ataimbwa kwenye ngoma mpaka wajukuu wake wahame.

Nikavua kanga ya mabegani nikaifunga kichwani, nikapiga yowe la msiba. Nikaingia katikati yao nalia uwiii, mkorosho wa watu umekufa, hata uji haukunywa. Nikajilaza chali chini ya mti, miguu imenyooka, sketi ya kazini na vumbi, mkuu wa shule. Kitu cha kwanza Pazi alichokifanya ni kuuzima msumeno, maana hakuna mtu anayeunguruma kwenye msiba.

"Mwalimu, inuka hapo, utaumia," akasema.

"Mimi maiti," nikamwambia. "Maiti inaumia wapi?"

Mwanamke mmoja akacheka. Sikujua wa upande gani, na nadhani hata yeye kwa dakika hiyo hakujua. Nikakaa kitako, nikakohoa kikohozi cha Mzee Kondo kama nilivyosimuliwa, kile kirefu chenye kituo katikati, nikamuuliza Pazi kwa sauti ya baba yake kama hii ndiyo sanda aliyoniletea, mbona ina meno. Hapo wakacheka wote. Wanawake walikuwa wanamiminika kutoka pande mbili, kwa sababu yowe la msiba halichagui, na waliofika mwisho walilia kweli mpaka walipoelezwa. Vijana wakawa hawajui mapanga wayashike vipi. Mmoja akaanza kulikwangua lake kwenye gogo kana kwamba alikuja kulisafisha. Mzee Pazi alijitahidi kuukaza uso. Nikamwona anavyohangaika nao, na mwisho uso ukamshinda, akacheka akaweka msumeno chini.

Nikaukalia. Nikatangaza kwamba mtani ameutwaa, na hautakombolewa kwa fedha wala kwa mwakilishi. Nataka jogoo mmoja, aletwe na watoto wa Mzee Kondo wote wawili, mkono wa Pazi huku na mkono wa Bi Tatu huku. Akija mmoja peke yake, arudi na jogoo wake. Kisha nikaupakia msumeno kwenye pikipiki ya Mushi, nikaondoka bila kuaga, kama maiti mwenye haraka.

Ulikaa ofisini kwangu, juu ya kabati la vikombe vya michezo. Wageni waliuliza ni wa mashindano gani. Mikorosho ikachanua, korosho zikaokotwa, kila mmoja wa wale ndugu akatuma watu kunibembeleza, nikawatukana kitani wakarudi. Nilianza kufikiri nitastaafu nao. Halafu siku moja, saa za mapumziko, watoto wakaanza kupiga vigelegele uwanjani. Nikachungulia. Mzee Pazi ameshika miguu ya jogoo, Bi Tatu ameshika mabawa, wanakuja kwa mwendo wa ubavu ubavu, na wanagombana njia nzima nani anamkaba.

"Tumekuja kukomboa msumeno," Pazi akaniambia. "Habari ya shamba hatujaizungumza."

"Tutaizungumza huko huko shambani," Bi Tatu akasema.

Nikawapa. Mushi aliuliza kama ajaze mafuta, nikamwambia ajaze. Watu wazima walioshika jogoo mmoja kuvuka nusu ya kijiji, ningewahukumu kwa kanuni gani tena?

Kipindi cha mwisho tukausikia unaunguruma kule kwenye mikorosho. Safari hii sikukimbia, ila sikuweza pia kukaa. Nikaenda nikasimama pembeni ya shamba. Mzee Pazi alikuwa juu ya ngazi, anapogoa. Bi Tatu alikuwa chini na fimbo ndefu, anamwonyesha tawi kavu moja baada ya jingine, na yeye analikata hilo tu. Wakafika kwenye tawi moja la chini, nene, limepinda.

"Hilo acha," Bi Tatu akasema.

"Hili limeoza, Tatu."

"Nimesema acha, kaka. Hilo ndilo mama yangu alikuwa anatundikia uji wako, ukichelewa kurudi, kuku wasiufikie."

Mzee Pazi akauzima msumeno. Akauweka mkono mmoja pale tawi lilipopinda. Kisha akamwambia dada yake amsogezee ngazi kwenye mti wa pili.